Nimfiche vipi pacha aliyekwisha kufa bila kumdanganya msomaji?

Swali: Naandika hadithi ya kutisha ya maneno kama 6,000. Mapacha wawili wa kike wa miaka kumi, Kulwa na Doto, wanaishi shambani na wazazi wao, bibi yao na mdogo wao Juma wa miaka sita, huko Kwimba, Usukumani. Mwisho kabisa inajulikana kwamba Doto alishakufa: alifungiwa ndani ya kihenge cha nafaka akakosa hewa, na Kulwa peke yake ndiye anayemwona. Sitaki uchawi, nataka woga wa akilini. Nimewapa watu watano wasome. Watatu walijua kufikia ukurasa wa pili. Wawili walifika mwisho bila kujua, halafu wakakasirika, wakasema nimewadanganya. Nirekebishe wapi?

Jibu: Hao watatu na hao wawili wanalalamikia kitu kimoja. Umemficha Doto kwenye maelezo, ukasahau kumficha kwenye maisha ya nyumba. Msimulizi wako ni yule anayejua yote. Anaandika "Doto alicheka, akarusha jiwe," na wakati huohuo hakuna mtu hata mmoja pale nyumbani anayemwambia Doto neno. Aliyezoea filamu anaushtukia ukimya huo mara moja. Asiyezoea anaiamini sentensi yako, kwa sababu msimulizi anayejua yote hana ruhusa ya kusema marehemu amecheka. Mwishoni unamwambia kwamba kuamini kwake ndiko kulikuwa kosa. Hasira yake ni ya haki.

Mpe Kulwa usimulizi, kwa nafsi ya kwanza. Mtoto akisema "Doto alicheka," anasema anachokiona yeye, na hapo hakuna udanganyifu. Kisha jiwekee sheria moja usiyoivunja: kinachopita machoni na masikioni mwa Kulwa kinaweza kuwa si kweli, lakini kinachotoka kinywani mwa mtu mwingine, pamoja na kila kitu kinachohesabika, lazima kiwe kweli. Vikombe, ndoo, kilo za pamba, vitanda. Msomaji akirudi mwanzo baada ya kujua, akute watu wengine wote walikuwa wakisema kweli tangu mstari wa kwanza. Akikuta neno moja tu la uongo kinywani mwa mama, kazi yote imeharibika.

Ugumu mkubwa wa sheria hiyo uko kwenye Kiswahili chenyewe. Kuna lugha ambazo mama akiita kula, tamko ni lilelile kwa mtoto mmoja na kwa wawili, na hila ya pacha asiyekuwepo ilikulia kwenye lugha hizo. Kwetu kila kitenzi kinahesabu watu. "Njoo ule" ni mmoja. "Njooni mle" ni zaidi ya mmoja. Lala, laleni, ingia, ingieni, umenawa, mmenawa. Ukimfanya mama aseme "njooni" kwa Kulwa peke yake, umedanganya. Ukimfanya aseme "njoo" mara tatu mfululizo huku Kulwa anasimulia "tulikaa," umeshakamatwa. Nadhani hao watatu wa ukurasa wa pili walikunasa hapo, hata kama hawakuweza kueleza walichokiona.

Njia ya kutoka unayo tayari ndani ya hadithi, ila umempa jina lisilomfaa. Mtoto anayefuata mapacha Usukumani huitwa Shija. Kulwa ni wa kwanza kutoka, Doto wa pili, Shija anayewafuata. Juma wako aitwe Shija, na umpe kazi. Mama akisema "Njooni mle," anawaita Kulwa na Shija, na ni kweli tupu. Msomaji, ambaye ameshaambiwa kuna Kulwa na Doto, atahesabu hao wawili na Shija atamchukulia kama wa ziada. Kulwa akisema "tulikwenda kuchota maji," Shija alikuwemo na kidumu chake cha lita tano. Kila wingi unaotoka kwa mtu mzima una watoto wawili wa kweli nyuma yake. Na jina lake linamthibitishia kila msomaji wa kanda ile kwamba mapacha walizaliwa kweli, kwa hiyo hatashuku kwamba Doto ni mtu wa kubuniwa.

Halafu katikati ya hadithi mwondoe Shija. Apelekwe kwa mjomba wake, mjini Ngudu. Kulwa adhani ni kwa sababu ya kikohozi, bila mtu mzima kumwambia hivyo. Kuanzia jioni hiyo, wingi wote unakatika nyumbani. Huhitaji mtu wa kutamka "Doto amekufa." Mfano wa jinsi mlo huo unavyoweza kukaa:

*Mama aliweka ugali katikati, na bakuli la dagaa. "Nawa," akasema. Nikanawa. Doto hakunawa, siku hizi hanawi. Bibi alimega tonge, akalishika bila kulitia mdomoni. "Shija atakuwa ameshalala huko kwa mjomba wake," akasema. "Kula, Kulwa," mama akasema. "Kula ushibe." Nikamsogezea Doto upande wenye vichwa vya dagaa, maana ndio anaopenda. Mkono wa bibi ukasimama juu ya bakuli.*

Angalia idadi ya amri: nawa, kula, kula ushibe. Zote za mmoja, na hakuna anayezieleza. Kulwa mwenyewe hazisikii. Mkono wa bibi ndio pekee unaoonyesha kwamba mtu mzima ameona alichokifanya mtoto, na bibi hasemi kitu. Ukiongeza sentensi moja tu, kama "nilishangaa kwa nini hawamwambii Doto ale," umeua tukio.

Kabla Shija hajaondoka, punguza vitenzi vinavyohesabu kwenye mazungumzo. Kiswahili kinaruhusu: "Chakula tayari." "Kumekucha." "Haya, shambani!" "Mikono kwanza." "Kuni zimekwisha." Salamu nazo zipange. "Shikamoo" na "marahaba" havionyeshi ni watoto wangapi wanaosalimia, wala "habari za nyumbani." "Hujambo" na "hamjambo" vinaonyesha, kwa hiyo mgeni yeyote anayekuja atumie salamu za kundi la kwanza, au aje Shija akiwepo. Ukimaliza rasimu, pitia maneno yote yaliyo ndani ya alama za nukuu na uzungushie kila kiambishi cha u- na m- kinachoelekezwa kwa watoto. Kwa kila kimoja andika pembeni ni nani hasa alikuwa anaambiwa. Ni kazi ya mchana mmoja kwa hadithi ya maneno 6,000, na hakuna marekebisho mengine yatakayokulipa zaidi.

Jina la mama nalo ni silaha, lakini itumie mara moja tu. Majirani wote wanamwita Mama Kulwa. Afike mtu aliyekuwa mbali tangu mwaka jana, labda mnunuzi wa ng'ombe, amwite kwa furaha "Mama Doto!" kama alivyozoea zamani. Baba anamshika mkono anampeleka pembeni ya zizi. Kulwa anaona tu kwamba mgeni amerudi ameinamisha kichwa na hakunywa uji wake.

Kuhusu kihenge. Kifo chako hakifanyi kazi, na msomaji wa Kwimba atakuacha hapohapo. Kihenge cha asili ni fito zilizosukwa na kukandikwa, kimeinuliwa kutoka ardhini, na juu kina paa la nyasi ambalo huinuliwa kwa mikono. Mtoto aliyefungiwa kwenye kihenge kitupu ana hewa, na anaweza kulisukuma paa kwa kichwa. Kikiwa kimejaa, hakuna pa kumwingiza. Unayemfikiria ni mtoto anayezama kwenye nafaka ndani ya ghala kubwa la chuma, jambo linaloua watu kweli kwenye mashamba makubwa ya Marekani. Hapo nafaka hutolewa kwa chini, ikawa inatiririka na kumvuta mtu aliyesimama juu yake.

Kifo ambacho shamba lako linakupa bila kulazimisha ni lambo. Malambo huchimbwa kwa ajili ya mifugo, na watu nao huchota humo. Ukingo ambao ng'ombe huingilia hukanyagwa hadi unakuwa tope zito linaloshika mguu, na maji ya pale huwa machafu. Kwa hiyo anayechota husogea mbele kutafuta maji yaliyotulia, na chini ya maji hayo ardhi iliyochimbwa inaweza kukatika ghafla. Mwezi wa nne, baada ya mvua, lambo limejaa. Doto aliingia mbele na ndoo. Sasa mpe Kulwa kosa dogo: siku ile ilikuwa zamu yake kuingia, akasema anaumwa mguu. Asimsukume, wala asimwonee wivu, na usimpe chuki yoyote ya kificho. Hadithi nyingi za mapacha huharibika kwa kumfanya mmoja awe mwovu tangu tumboni. Uovu wa kuzaliwa nao unampunguzia msomaji woga, kwa sababu unamwambia kwamba yeye hawezi kuwa mtu wa namna hiyo. Kudanganya kuhusu mguu kila mtu amewahi kufanya.

Kihenge usikitupe, kitumie kwa kazi nyingine. Kufikia mwezi wa tano kimebaki kitupu au karibu na kuwa kitupu. Kulwa anaingia humo mchana kuongea na Doto, ndiyo nyumba yao. Mwezi wa sita na wa saba mahindi yanavunwa, yanakauka, yanapukuchuliwa, na baba anaanza kujaza. Debe baada ya debe chumba cha Doto kinapungua. Mtoto anayemsihi baba yake asihifadhi chakula, na baba asiyejua aseme nini, watakupa ukurasa wa kutisha kuliko jinamizi lolote. Hapo ndipo shamba linapokuwa zaidi ya pazia la nyuma: mavuno ambayo familia nzima imeyasubiri ndiyo yanayomfukuza marehemu.

Kwa ajili hiyohiyo hadithi ianze mwanzoni mwa likizo ya mwezi wa sita. Shule ikiwa wazi, mwalimu anaita majina, na orodha ya mahudhurio haiwezi kudanganya. Likizo inakufungia mlango huo. Pamba inavunwa kipindi hicho, na baada ya mavuno mashina yake hung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasivuke kwenda msimu unaofuata. Una kazi tatu za kufuatana: kuchuma pamba, kujaza kihenge, kuchoma mashina. Zitakubeba kutoka juma la kwanza hadi la mwisho bila kuandika "siku zilipita."

Kila kazi ya shamba ina hesabu yake, na hizo hesabu ndizo mbegu zako. Mbegu ni jambo ambalo msomaji analisoma kwa maana moja mara ya kwanza na kwa maana nyingine akirudi. Kwa urefu wako saba zinatosha. Zikizidi kumi, msomaji anaanza kuzitafuta. Chache ninazoona zinakufaa:

Maji. Kulwa anasema "mimi na Doto tulileta ndoo mbili." Jua lilikuwa juu ya mwembe alipoondoka, na limefika juu ya zizi aliporudi na ya pili. Amekwenda mara mbili. Mama anamwambia "umechoka," akapokea ndoo.

Pamba. Watoto wanachuma, wanatenga pamba safi na pamba fifi, baba anapima kwa mizani ya kuning'iniza. Kulwa anadai mafungu mawili. Baba anapima mara moja, anataja kilo, anaandika. Kilo ziwe za mtoto mmoja wa miaka kumi. Waulize wachumaji wa kwenu ni ngapi kwa siku, kwa sababu msomaji mmoja tu mkulima anatosha kukuumbua.

Sare. Sweta la shule la Doto anavaa Shija, limemvuka magoti. Kulwa analalamika kwamba Shija ameliiba.

Nywele. Kama ukoo wako wa hadithi hunyoa kwenye msiba, basi mwezi wa sita nywele za mama, bibi na watoto zote zina urefu mmoja, mfupi. Kulwa aiseme kama jambo la kawaida, katikati ya habari ya chawa.

Na kaburi. Hili umelisahau kabisa, na ni swali la kwanza la msomaji wa kijijini: alizikwa wapi? Huko watu huzika nyumbani. Kaburi la miezi miwili bado ni udongo mtupu, halijajengewa. Liweke karibu na matuta ya viazi vitamu. Kulwa anasema kuna tuta ambalo mama hapandi kitu na hataki likanyagwe, na kwamba Doto anapenda kukaa juu yake. Usiseme zaidi ya hapo. Mwingine atapita bila kuona, mwingine atasimama, na wote wawili utakuwa umewatendea haki.

Kitu kimoja cha kukiacha: sahani ya ziada mezani. Kinatoka kwenye nyumba ambazo kila mtu ana sahani yake na kiti chake. Nyumba yako inakula kwenye sinia moja na bakuli moja la mboga, kwa hiyo hakuna sahani ya kuhesabu. Hesabu vinavyogawiwa kwa mtu mmoja mmoja: vikombe vya uji asubuhi, vipande vya samaki siku ya gulio, nafasi chini ya chandarua. Chandarua ni kizuri zaidi kwa sababu mapacha walilala pamoja. Kulwa anakichomeka upande wake tu na kuacha upande wa pili wazi, "ili Doto aweze kutoka." Asubuhi ameumwa na mbu upande mmoja.

Sasa akili ya Kulwa. Usimpe ugonjwa wenye jina. Kusikia sauti ya marehemu au kuhisi yupo chumbani ni jambo la kawaida kwa watu waliofiwa na si lazima liwe wazimu. Watoto nao huwa na marafiki wa kufikirika bila kuwa wagonjwa. Kinachokufaa wewe ni kwamba kwa mtoto huyu hayo mawili yamekutana na hatia. Anamhitaji Doto awe hai kwa sababu Doto akifa, mguu haukuwa unauma.

Kuna jambo moja la kitabibu la kulijua hata kama hulitaji kwenye hadithi. Mwaka 1877 madaktari wawili wa Ufaransa, Charles Lasègue na Jules Falret, walieleza wazimu wa watu wawili: mmoja mwenye imani isiyo ya kweli, na mwingine anayeishi naye kwa ukaribu sana, wametengwa na watu, ambaye polepole anaipokea imani ileile. Waliona kwamba yule mpokeaji mara nyingi hupona akitenganishwa na wa kwanza. Hilo linakupa sababu ya kweli ya safari ya Shija. Bibi hakumpeleka Ngudu kwa kikohozi. Alimwona anasogea kwenye mkeka kumwachia Doto nafasi. Liache hili liwe na maana mbili: Kulwa anaona kikohozi, msomaji anaunganisha baadaye.

Wasomaji wa hadithi za mapacha mara nyingi hutaja June na Jennifer Gibbons, kwa hiyo ujue habari yao kwa usahihi. Walizaliwa Aden mwaka 1963 kwa wazazi kutoka Barbados, wakakulia Wales, katika mji wa Haverfordwest. Waliacha kuongea na karibu kila mtu isipokuwa wao wenyewe, wakaandika hadithi nyingi chumbani kwao. Baada ya wizi na uchomaji moto walipelekwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Broadmoor, wakakaa miaka 11. Jennifer alifariki mwaka 1993 kwa ugonjwa wa moyo, siku walipokuwa wakihamishwa kutoka hapo, na baadaye June akaanza kuongea na watu. Ni watu wa kweli, na June alibaki hai, kwa hiyo usiyachukue maisha yao. Chukua somo la ufundi: kinachoogofya pale ni mapatano, yaani sheria ambazo wawili wamewekeana na wa nje hazijui. Kulwa na Doto wawe na mapatano mawili au matatu ya kitoto, kama kutomaliza tonge la mwisho, au kutojibu wakiitwa mara ya kwanza. Kisha mapatano yaendelee baada ya kifo, na yaanze kumgharimu Kulwa. Baba anamwita mara moja kwenye moto wa mashina na hajibu.

Usitumie ile habari ya pacha kuhisi maumivu ya mwenzake akiwa mbali kana kwamba ni jambo la hakika, kwa maana haijathibitishwa. Kulwa anaweza kuiamini. Msimulizi akiamini kitu, hadithi haijakithibitisha.

Umesema hutaki uchawi, sawa, lakini huwezi kuandika kijiji kisichoutaja. Jirani atauliza kama wamekwenda kwa mganga. Aulize, baba ajibu kwa neno moja, mpite. Ila bibi mchunge sana. Kwenye rasimu yako umempa macho mekundu na tabia ya kutembea usiku. Macho ya bibi wengi wa kanda hiyo yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kupikia, na kwa macho hayo wameitwa wachawi na kuuawa, Shinyanga na Mwanza. Msomaji wako hatalisoma kama pambo. Mwondolee. Bibi ndiye mwenye akili timamu kuliko wote humo ndani, na hadithi itakuwa na nguvu zaidi msomaji akimwamini yeye.

Mpangilio wa mwisho unahitaji kuhamishwa. Umeweka ufunuo kwenye maneno ya mwisho kabisa, kwa hiyo hadithi nzima imekuwa kitendawili, na kitendawili kikiteguliwa hakitishi tena. Usogeze ufunuo hadi karibu na neno la 4,000. Ule mlo wa dagaa ndio uwe ufunuo. Maneno 2,000 yanayobaki yajibu swali lingine: nyumba hii itafanya nini na mtoto anayeishi na marehemu?

Jibu liko kwa mama. Baada ya mlo ule mama yuko peke yake na Kulwa muda mwingi zaidi. Shija hayupo, baba yuko kwenye pamba, bibi anazeeka. Kulwa anamweleza Doto amesema nini leo. Mwanzoni mama anamkatiza. Kisha anamsikiliza. Kisha anauliza swali dogo: anasikia baridi? Msomaji sasa ameshazoea umoja, amekubali kwamba mtoto ni mmoja, amesoma "lala, Kulwa" na "amka, Kulwa" kwa kurasa kadhaa. Karibu na neno la 5,000, mama anachomeka chandarua, anaacha upande wa pili wazi, anapuliza koroboi na kusema: "Laleni."

Ni ile sheria ya mwanzo, kwamba wengine husema kweli. Mama anapoivunja, msomaji anajua kwa silabi tatu kwamba mtu mzima wa mwisho aliyekuwa kati ya Kulwa na lambo ameondoka. Usiieleze. Usimfanye Kulwa atabasamu. Aya inayofuata iwe asubuhi, na vikombe vya uji.

Maneno 1,000 yanayobaki yawe ya bibi. Anaona vikombe, anajua, na ana miguu mibovu. Ama atafika Ngudu kumleta mjomba, ama hatafika kabla ya mama kuwaambia watoto "twendeni tukachote maji." Uamuzi ni wako. Kwa maoni yangu afike, lakini achelewe kiasi cha kuwakuta kwenye tope la ukingo, maji yakiwa magotini. Mauti mengine hapa hayaongezi chochote. Kuwatoa majini wote wawili wakiwa hai, kila mmoja akimwuliza bibi kwa nini amemwacha Doto, kunatosha.

Ukitaka kuhamisha hadithi, hesabu ya watoto inahama nayo. Kwa Wajaluo ni Opiyo na Odongo, au Apiyo na Adongo kwa wasichana, na anayefuata ni Okello au Akello. Buganda ni Babirye na Nakato kwa wasichana, Wasswa na Kato kwa wavulana, na anayefuata ni Kizza. Burundi ni Bukuru na Butoyi, kisha Ciza. Shamba na mazao ubadilishe pia, usihamishe pamba ya Kwimba kwenda kwenye migomba.

Kabla ya kuandika upya, chora jedwali kwenye karatasi moja. Kila tukio mstari wake, na nguzo nne: nani yupo kweli, nani Kulwa anamwona, nini kimegawiwa na ni vingapi, nani ametamka wingi na kwa nani. Mstari wowote ambao nguzo ya kwanza na ya nne hazikubaliani kabla ya "Laleni" una kosa, urekebishe. Kisha tafuta wasomaji watatu wapya, si wale watano. Wape kurasa zilizo kabla ya safari ya Shija tu, na usiwaulize kama wameipenda. Waulize nyumba hiyo inalala watu wangapi. Jibu la kweli ni watano: baba, mama, bibi, Kulwa, Shija. Wakisema sita, umemficha. Wawili kati ya watatu wakisema watano, rudi kwenye nukuu zako na utafute ni wapi mama amesema "njoo" wakati Shija yuko kwenye zizi.